Mkao wa Mtani

1

Dakika kumi kabla ya zamu, kila mwongozaji wa Kituo cha Vipanga cha Iringa, zile ndege zisizo na rubani, alitakiwa kukaa. Siyo kunyamaza tu, maana hata aliyenuna hunyamaza. Kukaa hasa: mgongo wima, viganja juu ya mapaja, utepe umebana paji la uso, macho yamefumbwa, akili ikiifuata pumzi inapoingia na inapotoka, mpaka kitaa kidogo cha kwenye utepe kigeuke kutoka nyekundu kuwa njano, na kutoka njano kuwa kijani. Ukikosa kijani hupewi mgonjwa. Unapewa kipanga cha kubeba vifurushi, na ushukuru Mungu.

Benigna Haule alifumba macho akaanza. Pumzi ikaingia, pumzi ikatoka. Ya pili ilipoingia iliingia na vifaranga mia mbili, ambao hakujua kama binti yake amekumbuka kuwawashia jiko la mkaa. Ya tatu ilikuja na kikao cha wazazi shuleni. Ya nne ilikuja na sare za kwaya, maana katibu wa kwaya ni yeye, na ya tano ikaja na mumewe aliyeko Mtwara kikazi, ambaye tangu jana amepiga simu mara mbili hajapokelewa. Kufika pumzi ya sita Benigna alikuwa hapumui tena. Alikuwa anagombana kichwani na fundi cherehani.

Akafumbua jicho moja. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake la kila siku.

Twilumba Kikoti aliketi mkabala naye, amevaa sweta kuukuu la kijivu, na taa yake ilishakuwa kijani zamani. Uso umemlegea kama mtoto aliyeshiba. Benigna alimtazama akasikia kitu kinamkwaruza kifuani. Ulikuwa wivu, na hakujisumbua kuupa jina jingine.

Maana huyo Twilumba alifundishwa kazi na nani? Enzi zile vipanga vinaendeshwa kwa mikono, hakuna mtu Nyanda za Juu zote aliyemfikia Benigna. Alikuwa anakipitisha kipanga chenye mgonjwa katikati ya miti miwili huku anakunywa chai. Twilumba alikuja anatetemeka mikono, kila siku anakwangua mabawa ukutani, na Benigna ndiye aliyesimama nyuma ya kiti chake miezi minane akimwambia taratibu, dada, taratibu. Kisha mwaka jana zikaletwa tepe. Vipanga vipya havina usukani. Mwongozaji anawaza kushoto, kipanga kinakwenda kushoto. Akiwaza vifaranga, kipanga nacho kinababaika, kwa sababu hakijui vifaranga wako upande gani.

Nyenza, mkuu wa zamu, alipita na daftari lake akipanga watu.

"Twilumba, Kiti cha Kwanza. Wagonjwa." Akafika kwa Benigna, akaitazama ile taa yake ya njano, kisha akageuza macho pembeni kwa huruma. Ile huruma ndiyo iliyouma. "Dada Benigna, wewe tupelekee mbegu za viazi Kilolo."

Mbegu za viazi. Na ana miaka kumi na mmoja kazini.

2

Wangoni na Wahehe ni watani. Babu zao walipigana vita mpaka wakachoka, wajukuu wakarithi haki ya kutukanana bila mtu kununa. Mtani wako anaweza kukuvua kofia hadharani, akala mboga kwenye sahani yako, akaja kwenye msiba wenu akalia machozi ya uongo, na wewe ukikasirika aibu ni yako. Benigna alikuwa Mngoni wa Songea, Twilumba Mhehe wa papo hapo Iringa, na kantini nzima ilisubiri saa saba mchana ili iwasikie.

"Ninyi mliokimbia toka Kusini hata viatu hamna," Twilumba alianza huku anavuta kiti, "nasikia leo tena mmepewa viazi?"

"Tumepewa kwa sababu tunaaminika. Mhehe ukimpa mzigo, na njiani pana pombe ya ulanzi, huo mzigo utafika?"

Watu wakaanza kucheka, vijiko chini.

"Halafu nikwambie," Benigna akaendelea, ameshapata moto, "huo utulivu wako wala hauna maajabu. Mtu asiye na kitu kichwani atashindwaje kutulia? Nakunyang'anya. Kuanzia leo utulivu wako ni mali yangu."

"Chukua, mtani! Chukua wote!" Twilumba alisema kwa sauti ya mtu anayeporwa. "Chukua na sweta hili, mwenzio ninaona joto!"

Na baridi ya Iringa mwezi wa saba kila mtu anaijua. Kantini ililipuka. Benigna alicheka kuliko wote, akacheka mpaka akashika mbavu, na katikati ya kicheko akaona Nyenza anamsogezea Twilumba kipande cha kuku kilichobaki. Kicheko kikamwishia mdomoni.

Jioni hiyo, saa kumi, zamu ikiwa inaelekea kuisha, alibaki peke yake chumba cha kubadilishia nguo. Utepe ukiwa bado kichwani, akafungua kwenye simu ule ukurasa wa masomo ya waliochelewa kuzizoea tepe, ambao siku zote aliuona wa kudhalilisha. Lilikuwepo somo moja linaitwa Kuazima Mkao. Maelezo yake yalikuwa mafupi. Kila akili ina njia yake ya kurudi kwenye pumzi, na njia hiyo inaweza kupigwa kama wimbo ndani ya akili ya mtu mwingine, ambaye kwa siku ishirini na moja ataifuata mpaka aizoee. Makelele ya anayeazima hayapotei. Humwendea mtoaji. Kwa hiyo mtoaji huandaliwa wiki mbili kabla, afundishwe kuyabeba. Benigna alilisoma hilo la mwisho kama watu wanavyosoma karatasi ya ndani ya boksi la dawa.

"Taja mtoaji," sauti ya utepe ilisema sikioni.

"Twilumba Kikoti," alisema. Kujaribu tu.

"Natafuta ridhaa."

Tepe husikiliza maneno yote ya zamu, ili ajali ikitokea pawe na ushahidi. Benigna alijua hivyo, ila hakuwahi kufikiria kwamba husikiliza na kantini.

"Ridhaa imepatikana. Leo, saa saba na dakika ishirini mchana." Na hapo hapo akaisikia sauti ya Twilumba, safi, karibu kabisa: Chukua, mtani! Chukua wote! Kicheko chote kilikuwa kimekatwa. Utepe ulikiona kelele ukakisafisha. "Niendelee?"

Hao waliotengeneza tepe walikuwa watu wa mbali, hawakujua utani, walidhani neno likisemwa limesemwa. Lakini yeye alijua. Alijua kwamba mtani huchukua mbele ya macho ya watu, na kile kicheko ndiyo ruhusa yenyewe. Anayeingia chumbani kwa mtani wake kuchukua kofia mwenyewe hayupo, huyo ana jina lake, na siyo mtani. Aliyajua yote hayo, kisha akaiona tena ile huruma ya Nyenza, na kile kipande cha kuku.

"Endelea," akasema.

3

Asubuhi yake alipata kijani.

Ilikuja pumzi ya tatu, bila kupiga hodi. Alikuwa ametarajia kukutana na chumba kitupu, maana ndivyo alivyoamini siku zote, kwamba ndani ya Twilumba hamna kitu, ndiyo maana panatulia. Mkao hauazimishi mawazo ya mtu. Huazimisha njia zake. Na zile njia zilikuwa zimekanyagwa mpaka zimekuwa barabara. Wazo lilimjia Benigna, la vifaranga, likaanza kumvuta. Na kitu kisicho na haraka kikamshika, kikamrudisha kwenye pumzi. Hakikumtukana. Likaja la kwaya, akavutwa, akarudishwa. Mara ishirini, mara thelathini. Kumbe hiyo ndiyo kazi yenyewe, kuondoka na kurudi, kuondoka na kurudi, wala hakuna mahali pa kufika. Na mtu hapati njia zilizokanyagwa namna ile kama hakuwa na mengi ya kumtoa kwenye pumzi.

Ndipo akakumbuka kwamba Twilumba anaishi na baba yake mzee ambaye hamtambui tena, anayemwita kila alfajiri kwa jina la mkewe marehemu, mama yake Twilumba. Watu walishamwambia. Alikuwa hajalitia maanani.

Jambo kama hilo lingepaswa kumlainisha. Likamuudhi zaidi. Kwa hiyo hata shida anazo, na bado anatulia! Benigna alimwonea wivu mpaka shida zake.

"Haya, haya!" Nyenza alisema, amesimama mbele yake anapiga makofi. "Dada Benigna! Kijani!"

Wiki hiyo aliongoza vifurushi vya dawa, kisha damu, kisha akapewa mgonjwa wake wa kwanza tangu tepe zije, mzee aliyevunjika nyonga, na akamshusha hospitali kama anaweka yai kwenye kikapu. Nyumbani aliacha kufoka. Binti yake alimuuliza kama anaumwa. Alimpigia mumewe simu wakaongea nusu saa nzima bila kulaumiana. Na kila asubuhi, katikati ya ule utulivu mpya, bado alifumbua jicho moja, sasa kwa ajili ya utamu wake tu.

Taa ya Twilumba ilikuwa njano. Siku ya nne njano. Siku ya sita ilichelewa hata kutoka kwenye nyekundu, na jasho lilimtoka puani na baridi yote ile. Benigna alifurahi. Tusifiche: alifurahi kama mtu aliyefika nyumbani akakuta chakula mezani.

Wiki ya pili, saa nne ya chai, Twilumba alimfuata nje kwenye matangi ya maji. Alikuwa amekonda.

"Mtani, nikwambie jambo hutacheka?"

"Mimi nisicheke? Nimeacha lini?"

"Kichwani mwangu mna kuku."

Benigna alishika kikombe chake kwa mikono miwili.

"Vifaranga. Wanalia, nawasikia kabisa. Na kuna fundi cherehani nagombana naye, wala simjui. Nimekwenda kwa daktari, kanipa vidonge vya usingizi. Hayo nayavumilia, mtani. Ila kuna jambo jingine."

"Jambo gani?"

Twilumba alichungulia nyuma yake. "Nikifumba macho kuna mtu ananitazama kwa jicho baya. Ananichukia. Si kidogo, ananichukia mpaka kucha. Kila ninachofanya vizuri kinamuudhi. Sasa humo ndani hakuna mtu mwingine, si ni mimi peke yangu? Basi ni mimi ninayejichukia." Alijaribu kucheka. "Miaka arobaini na moja sikujua. Nilidhani najipenda tu kama watu wengine. Jana baba kaniita kwa jina la mama, nikamwambia mama alikufa kwa sababu alichoka na wewe. Mimi, kumwambia baba yangu hivyo!"

Benigna alipaswa kusema hapo. Maneno alikuwa nayo, na matangi ya maji yasingemsimulia mtu. Kurudisha mkao kunataka sentensi moja tu, isemwe kwa sauti, utepe ukiwa kichwani: rudisha mkao, na jina la mwenyewe. Lakini Twilumba angeisikia, maana hata ikisemwa faraghani utepe humjulisha mwenyewe.

"Labda ni uchovu," alisema. "Ungepumzika kidogo, dada."

Akajiwekea siku. Ijumaa. Ijumaa asubuhi atarudisha, atatafuta namna ya kueleza. Ijumaa asubuhi Nyenza akamwita ofisini akamwambia kwamba kuanzia Jumatatu atakaa Kiti cha Pili, pembeni ya Twilumba, amsaidie, kwa sababu hali ya mwenzake haieleweki, na akionekana anaweza basi Kiti cha Kwanza kitakuwa chake. Kwa hiyo Ijumaa ikapita.

4

Jumatatu saa tano asubuhi ukungu ulikuwa haujaondoka kwenye milima ya Udzungwa. Twilumba, aliyekipata kijani kwa shida dakika ya mwisho, alikuwa anamleta mama mjamzito kutoka kijiji kimoja nyuma ya Kilolo, uchungu ulishampata, mtoto amekaa vibaya, na ndani ya kipanga kulikuwa na mkunga wa kijiji anayemshika mkono. Sauti zao zilijaa chumba cha kuongozea. Mama yule alikuwa analia kwa kusaga meno.

Benigna, pembeni, taa yake kijani, aliangalia ile taa nyingine. Ilikuwa njano. Ikapepesa, ikawa nyekundu, ikarudi njano.

"Twilumba," Nyenza aliita polepole, "tulia, mama. Rudi kwenye pumzi."

"Narudi. Narudi, ananizuia."

"Nani anakuzuia?"

Taa ikawa nyekundu, ikakaa hapo hapo. Kwenye kioo, kipanga kiliinamisha bawa moja kikaanza kushuka upande wa mlima, na mkunga akapiga kelele, "Jamani, mnatuua! Mnatuua huku!"

"Benigna!" Nyenza alisema. "Chukua wewe!"

Njia zilikuwa mbili, na Benigna aliziona zote mbili vizuri kuliko anavyoona viganja vyake. Akisema rudisha mkao wa Twilumba Kikoti, makelele yangemtoka Twilumba papo hapo, taa yake ingerudi kijani, na kipanga kingenyanyuka mikononi mwa yule yule anayekishika. Papo hapo. Ila watu sita waliokuwa chumbani wangesikia. Njia ya pili ni kukipokea. Kupokea kipanga kutoka akili moja kwenda nyingine huchukua sekunde nane, na katika hizo sekunde nane hakuna anayekishika. Hewani pakiwa peupe si kitu. Katika ukungu, katikati ya milima, ni bahati nasibu, na yule mama hakuwa amekata tiketi ya bahati nasibu.

"Nachukua," Benigna alisema.

Moja. Mbili. Kioo kilijaa weupe. Kilio cha yule mama kilikatika, na kukatika kwake kulikuwa kubaya kuliko kilio. Tano. Matawi ya mti yalipita chini ya kipanga, karibu mno, mtu angeweza kuhesabu majani. Saba. Kisha akakipata, kizito, kinayumba, akakinyanyua. Na kile kitu kisicho na haraka, njia za Twilumba, kikamrudisha kwenye pumzi, kikamrudisha tena, mpaka ukungu ukaisha na mabati ya mji yakaonekana yanang'aa juani.

Alikishusha hospitali bila hata vumbi kutimka. Chumba kizima kilisimama kikapiga makofi. Nyenza alikuwa anafuta machozi na mkono wa shati. Twilumba alikuwa amevua utepe, ameuweka magotini, anautazama. Hakupiga makofi kwa sababu mikono yake ilikuwa inatetemeka, kama siku ile ya kwanza kabisa alipoletwa kwa Benigna afundishwe kazi.

5

Kesho yake mchana Nyenza aliagiza chapati na kuku kantini, na soda kwa kila mtu. Akasimama na habari tatu. Ya kwanza, mama na mtoto wa kike wanaendelea vizuri. Ya pili, mkunga amepiga simu, mtoto amepewa jina la Benigna. Hapo watu walipiga meza. Ya tatu aliisema akiwa ameinamisha kichwa: Twilumba amekirudisha kiti kwa hiari yake, na kazi pia. Mwisho wa wiki anaondoka.

Benigna alikuwa amepata kila alichokitaka. Alikaa na soda mkononi akijaribu kukifurahia. Akawaza Kiti cha Kwanza, akavutwa, na njia zile zikamrudisha. Akadhani zitamrudisha kwenye pumzi. Zilimrudisha kwenye zile sekunde nane. Akawaza mtoto mwenye jina lake, akarudishwa kwenye yale matawi. Akawaza mumewe atakavyojivuna, akarudishwa kwenye kile kilio kilichokatika. Twilumba alikuwa amejifundisha miaka mingi kutokikimbia kilichopo, na sasa huo ndio mkao alioubeba Benigna. Kila alipokimbia ulimshika, bila kumtukana, ukamrudisha pale pale.

Twilumba akasimama. Alikuwa na utepe wake kichwani kwa siku hizo za mwisho, na ndani ya macho yake mlikuwa na giza, lakini mtani ni mtani, alitakiwa aseme neno.

"Jamani, hawa Wangoni babu zangu walikuwa wanawaficha ng'ombe wakiwaona. Sisi wajukuu tumejisahau, tumelala, leo wametunyang'anya kiti!" Watu wakacheka. Akangoja wamalize. "Ila nashukuru kimekwenda kwa anayejua kukaa. Mimi nilikuwa sijui nina nini ndani. Sasa nimejua, na mtu mwenye chuki kama ile hafai kubebeshwa roho za watu."

Benigna alijikuta amesimama.

"Ni kweli nimekunyang'anya," alisema. "Siyo kiti. Mkao wako. Nimekuibia utulivu wako wiki mbili zilizopita, na mnayemwona hapa ana kijani ni Twilumba, siyo mimi."

Kantini ikalipuka kuliko siku zote.

"Mngoni amekiri!" mtu alipiga kelele nyuma. "Andikeni! Mngoni amekiri wizi!"

"Sisemi utani," Benigna alisema, na kwa sababu kila mtani huanza hivyo, wakazidi kucheka. Mmoja alikuwa amelalia meza. Nyenza alikuwa anapangusa macho. Hata Twilumba alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayeaga. Benigna aliangalia zile nyuso moja moja na akaona kwamba akitaka, anaweza kukaa chini sasa hivi. Ameshasema. Atakuwa amekiri mbele ya watu wote, na hakuna atakayejua.

Alitaka. Alitaka kwa mwili mzima.

"Rudisha mkao," alisema kwa sauti kubwa, akiwa ameweka kidole kwenye utepe. "Rudisha mkao wa Twilumba Kikoti."

Taa ya kwenye paji lake la uso ilikuwa kijani mbele ya macho yao. Ikawa njano. Ikawa nyekundu. Waliokuwa mbele waliacha kucheka kwanza, kisha wa katikati, na mtu mmoja wa nyuma aliyekuwa haoni akabaki anacheka peke yake, mpaka naye akasikia ukimya.

Twilumba alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Wamenyamaza," alisema.

Akashusha mikono, akamtazama Benigna.

"Wale vifaranga walikuwa wa nani?"

"Wangu."

"Na yule mtu?" Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Yule anayenichukia. Alikuwa nani?"

"Mimi," Benigna alisema. "Twilumba, ni mimi. Nilikuonea wivu tangu tepe zilipokuja. Yote ile ni yangu."

"Siyo yangu?"

"Siyo yako. Hata chembe."

Twilumba alikaa chini akalia. Alilia kama mtu aliyeambiwa na daktari kwamba vipimo vilichanganywa, hana ugonjwa. "Sijichukii," alisema, akimwambia nani sijui. "Baba, sijichukii, jamani." Nyenza alimshika bega. Watu wengine walianza kuchungulia sahani zao, na mwingine, ambaye ndiye aliyepiga kelele ya andikeni, alimtazama Benigna kwa namna ambayo hatamtazama tena vinginevyo.

Kisha Twilumba akapangusa uso kwa mkono wa sweta, akasimama, akaja mpaka mbele yake. Benigna alifikiri atampiga, na alitamani apigwe, maana kipigo kina mwisho.

"Ungenichukulia mbele ya hawa," Twilumba alisema, "ningecheka mpaka leo. Ningekufundisha mwenyewe, kila asubuhi, bure. Ungeomba tu." Alivuta pumzi, akaitoa. "Usiniite mtani tena."

Simu ya dharura ililia. Mgonjwa Mufindi, ajali ya trekta. Nyenza alimtazama Benigna, akamtazama Twilumba. Twilumba alikwishaanza kutembea. Kupitia mlango wa kioo watu walimwona anaketi Kiti cha Kwanza, mgongo wima, viganja juu ya mapaja, na kabla hajamaliza kufumba macho taa ilikuwa kijani.

"Wewe kakae pale nje," Nyenza alimwambia Benigna bila kumtazama. "Nina barua ya kuandika."

Alivua utepe akauacha mezani karibu na soda yake. Alikwenda akaketi kwenye benchi la ukumbini, mbele ya ule mlango wa kioo, na kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine duniani, alifumba macho akajaribu mwenyewe. Pumzi moja tu ilipita kabla hajamwona Twilumba akilini, ametulia, ana kijani, anapendwa. Wivu ukampanda, mkali kuliko wa jana. Akarudi kwenye pumzi kwa shida, kama mtu anayepanda mlima kwa magoti. Wivu ulikuwa bado upo. Akarudi tena, na tena ukawepo, wote, na safari hii haukuwa na mtu mwingine wa kuubeba.